Noti za Elfu na Chenji ya Baa: Kisa cha Genge la Wapakiaji Nakuru

Mwenye stoo moja ya nafaka katika eneo la viwanda la Nakuru alitaka kumfuta kazi mpakiaji mmoja. Asubuhi ya Jumanne mpakiaji huyo aliteleza kwenye ubao wa kupandia lori akiwa na gunia la mahindi mgongoni. Gunia lilipasuka, goti likavimba, na karani aliyekuja kuangalia akasema jamaa alikuwa ananuka pombe ya jana yake. Haikuwa mara ya kwanza kusemwa hivyo. Kabla ya kumwandikia barua, mwenye stoo alikubali aonane na mshauri nasaha, na ndivyo kisa hiki kilivyonifikia. Majina nimeyaacha, na mambo mawili matatu nimeyabadili ili wahusika wasitambulike.

Nitamwita mpakiaji tu. Ana miaka 34 na watoto watatu, kwao ni Vihiga, na hapa mjini amepanga chumba kimoja Rhonda. Nilimpa yale maswali 10 ya AUDIT, kipimo cha unywaji cha Shirika la Afya Duniani, akapata alama 22. Kuanzia alama 8 unywaji wa mtu huhesabiwa kuwa wa hatari, na kuanzia 20 inafaa daktari aangalie kama pombe imeshamtawala. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi kwamba huyu ni mtu anayehitaji msaada. Mkewe alikuwa ameshamsemesha, mchungaji ameshamwombea, kaka yake mkubwa ameshampigia simu kutoka nyumbani na kumfokea. Mwenyewe alikuwa amejaribu kuacha mara mbili, na mara zote mbili alirudi baada ya wiki chache.

Wote hao walimuuliza kwa nini anakunywa. Mimi niliona heri nimuulize akiacha atakosa nini.

"Lori, daktari," alisema. "Nitakosa lori."

Ili jibu hilo lieleweke, ni lazima kuijua kazi yenyewe. Wapakiaji wa stoo hiyo hufanya kazi kwa genge la watu wanane. Kiongozi wao ana miaka hamsini na kitu na wote humwita Mzee. Karani wa stoo hamjui mpakiaji mmoja mmoja, anamjua Mzee. Lori likitarajiwa, karani humpigia Mzee simu, na Mzee ndiye husema nani aje. Trela moja hubeba magunia 300 ya kilo 90, yaani tani 27 zinazopita kwenye migongo ya watu hao. Malipo yalikuwa shilingi 12 kwa gunia, hivyo trela nzima ni shilingi 3,600. Pesa hizo Mzee alikabidhiwa zote mkononi: noti tatu za elfu, moja ya mia tano na moja ya mia. Hugawanywa mafungu tisa. Mzee huchukua mawili na wale saba hupata fungu moja moja la shilingi 400.

Sasa 400 mara saba utazitoaje kwenye noti tatu za elfu? Mama mboga hana chenji ya namna hiyo. Wakala wa M-Pesa hataki kumaliziwa noti zake ndogo jioni, wakati wateja wa kutoa pesa ndio wanaanza kuja. Mwenye baa anazo, ila hatoi chenji kwa watu ambao hawajanunua kitu. Kuanzia hapo jioni ya genge ilikuwa imeshapangwa hata kabla mtu hajasikia kiu.

Mzee aliniruhusu nikae nao jioni moja, nikaagiza soda. Meza mbili zilisogezwa pamoja, wakakaa wanne wanne. Nguo zao bado zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mahindi, na nyusi pia. Mzee aliweka zile noti juu ya meza, akaziwekea simu yake juu, kisha akaagiza kikombe kimoja kimoja cha keg, yaani bia ya pipa, kile wanachokiita cha kutoa vumbi kooni. Pesa zilikuwa zinaonekana na kila mtu, na hakuna aliyeziulizia. Hilo ndilo lililonigusa zaidi jioni ile. Watu wazima waliobeba tani 27 tangu asubuhi, wana watoto wanaosubiri unga nyumbani, jasho lao liko chini ya simu sentimita chache kutoka mkononi, na adabu ya meza haimruhusu yeyote kusema, "Mzee, nipe yangu niende."

Hesabu ya raundi ni rahisi na haina huruma. Kikombe kilikuwa shilingi 60. Mmoja akiwanunulia wenzake wa upande wake, ametoa 240. Wale watatu wameingia deni la heshima, na kila mmoja ni lazima arudishe kabla ya kuondoka. Aliyetaka kikombe kimoja atakunywa vinne, na katika 400 zake atabaki na 160, hapo hajalipa kilichoandikwa kwa kitabu wiki iliyopita. Mpakiaji wetu aliniambia kwamba kuna jioni nyingi alikunywa kikombe cha tatu na cha nne bila kuvitaka, kwa sababu tu vilikuwa vimeshalipiwa.

Saa moja na nusu simu ya Mzee ililia. Alikuwa karani. Kesho kuna kanta moja tu, lori dogo, watu watano wanatosha. Mzee alitazama meza, akaanza kuonyesha kwa kidole: wewe, wewe, wewe na wewe, na mimi. Mmoja wa genge alikuwa ameenda nyumbani mapema kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Hakuchaguliwa. Sidhani Mzee alikuwa na kinyongo naye hata kidogo. Hakuwa mbele ya macho yake tu, na waliokuwepo walikuwa wanatosha. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanapovunwa kuanzia Oktoba, malori huwa mengi na kidole hicho hakina uzito mkubwa. Ikifika katikati ya mwaka stoo zinabaki nusu tupu, na siku tatu bila kuonyeshwa kidole ni siku tatu bila moto jikoni.

Na lori ni sehemu moja tu. Gunia la kilo 90 mtu hajitwishi mwenyewe. Wawili hulinyanyua na kumtwika wa tatu, naye huinama, hutega mgongo na kuliamini lile linalokuja asiloliona. Wakilishusha taratibu kati ya mabega, atatembea. Wakilitupa upande, shingo inapinda, na kazi ya siku hiyo inaweza kuwa ya mwisho. Kwa hiyo kukaa vizuri na wenzako ni usalama wa mwili wako. Mara ya kwanza mpakiaji alipoacha pombe, hakuna aliyemfanyia ubaya wa wazi. Ila utani uliisha, salamu zikawa fupi, na kila alipoinama kutwikwa alikuwa na wasiwasi. Siwezi kumlaumu mtu kwa kurudi mezani baada ya wiki tatu za namna hiyo.

Halafu kuna matanga. Mama yake alipofariki, genge lilichanga, likakodi matatu, na wanne kati yao wakasafiri naye usiku kucha hadi Vihiga na kushika koleo kaburini. Kwa baa hiyo hiyo ndiko alikokopa karo ya muhula, maana mwenye baa huandika kwa kitabu na hadai riba kama mashailoki wa mtaani. Mke wa mpakiaji, ambaye kwa haki kabisa anaichukia baa hiyo, aliniambia kwamba hata yeye amewahi kutuma mtoto pale kuomba mia mbili za dawa, akapewa.

Wanaokataa pombe katika kazi kama hizi huulizwa swali moja: "Kwani umeokoka?" Swali hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kuna visingizio vinavyokubalika. Uliyeokoka unaachwa, maana una watu wako wengine, ushirika wa Jumapili, wa kukuchangia ukifiwa. Mwislamu anaachwa. Uliye kwenye dawa unaachwa mpaka dozi iishe. Asiyetaka tu, asiye na kundi lingine la kumpokea, hana jibu ambalo meza italikubali. Atahesabiwa anajiona bora, au anabania pesa.

Watafiti wakiwemo Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha mwaka 2010, katika jarida la Annals of Internal Medicine, uchunguzi uliofuatilia watu 12,067 wa Framingham, Massachusetts, Marekani, kuanzia 1971 hadi 2003. Waliona kwamba unywaji wa mtu hubadilika pamoja na unywaji wa watu wake wa karibu. Lakini ndani ya matokeo hayo kuna jambo ambalo wengi hulipita: marafiki na jamaa ndio walioonekana kuwa na athari. Unywaji wa majirani na wa wafanyakazi wenza tu haukuonyesha uhusiano wa maana. Mtu anaweza kukaa dawati moja na mlevi miaka kumi asiguswe.

Kwa nini basi meza ile ya Nakuru ilikuwa na nguvu hivyo? Kwa sababu pale mfanyakazi mwenza si mwenza tu. Mwenye kukutwika ndiye anayekukopesha, ndiye anayezika mama yako, na kwa mpakiaji wetu mmoja wao ni shemeji yake kabisa. Kamba zote zimefungwa kwenye kigingi kimoja, na kigingi hicho kimechimbiwa ndani ya baa. Ukimwambia mtu kama huyo aache pombe, umemwambia aache kazi, benki, ukoo na bima, vyote kwa siku moja, na umeita hilo nguvu ya nia. Mimi naona ni ukatili, hata unaposemwa kwa upole.

Nilimtafuta Mzee peke yake, asubuhi, nje ya geti. Nilitarajia kumkuta mtu anayefaidi mpango huu.

"Mzee, wewe mwenyewe unaipenda hii pombe?"

"Tumbo langu haliipendi," alijibu. "Nina vidonda vya tumbo. Lakini nikienda nyumbani saa kumi na mbili, vijana watasema Mzee amekula pesa. Na stoo ya pili itawaita."

Kiongozi naye alikuwa amefungwa. Fungu lake la pili lilikuwa linarudi mezani karibu lote, kwa sababu kiongozi asiyenunua huitwa mchoyo, na genge lisilomwamini humhama. Kuanzia mazungumzo hayo niliacha kabisa kumfikiria kama mkosaji. Bila yeye hakuna ambacho kingebadilika.

Upande wa sheria, mwenye stoo alikuwa ameshikilia kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachohesabu ulevi unaomfanya mtu ashindwe kazi saa za kazi kuwa kosa kubwa. Ni kweli kipo. Ila kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazi. Na kifungu cha 17 kinasema mshahara ulipwe kwa mfanyakazi moja kwa moja, na kinakataza kabisa kulipa mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wanaofanya kazi hapo. Mwenye stoo alijitetea kwamba yeye hulipa getini, na kwamba hao ni watu wa Mzee, si wake. Nilimwambia nisivyokubaliana naye: huwezi kumshika mtu kwa kifungu kimoja na kukwepa kingine kwa kumpa pesa mtu wa kati, ukijua vizuri chenji itapatikana wapi.

Katazo hilo lina historia ndefu. London ya miaka ya 1830, watu waliopakua makaa ya mawe kutoka melini katika mto Thames waliandikwa kazi kupitia wenye vilabu vya pombe. Aliyekunywa zaidi aliitwa kwanza, na ujira ulilipwa humo humo kilabuni. Mwaka 1843 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoanzisha ofisi ya kuwaandikisha na kuwapangia zamu bila kupitia kwa mwenye pombe. Mwaka 1883 ikaja sheria ya kukataza ujira kulipwa vilabuni, na Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unabeba katazo hilo hilo. Nilimsimulia Mzee habari za wapakuaji wale. Aliuliza kama nao walikuwa na vidonda vya tumbo.

Tulichobadilisha ni kidogo. Karani sasa hutuma pesa kwa M-Pesa ya kila mpakiaji, shilingi 400 zikiwa zimeshagawanywa, kabla watu hawajatoka uani. Gharama ya kutuma ni ya stoo. Mzee alibaki na mafungu yake mawili, na hilo nililipigania, kwa sababu mpango ambao ungemwondolea heshima ungekufa wiki ya kwanza. Malori ya kesho huandikwa kwenye ubao getini saa kumi jioni, pamoja na majina, na asiyepata zamu leo anaandikwa wa kwanza kesho. Fedha za matanga na karo zimehamishwa kwenye chama chenye mweka hazina, shilingi 50 kwa lori kwa kila mtu, na kikao chao ni uani Jumamosi saa saba, kabla ya saa nane ambayo sheria ya 2010 ya vileo inaruhusu baa kufunguliwa wikendi.

Kuhusu mpakiaji mwenyewe ilibidi kwenda polepole. Alikuwa anaamka mikono ikitetemeka na kuhitaji kikombe cha alfajiri, wanachokiita kutoa lock. Mtu aliyefika hapo haachi ghafla nyumbani. Siku mbili za kwanza anaweza kupata kifafa, na baada ya hapo kuchanganyikiwa kunakoweza kumuua. Alilazwa hospitalini siku chache kwa dawa na uangalizi, goti likatibiwa hapo hapo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu familia nyingi humfungia mlevi chumbani zikidhani zinamsaidia. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, ya kuuliza kabla ya kufanya hivyo.

Genge halikugeuka kuwa la watu wasiokunywa, na sikutarajia hivyo. Watatu walipunguza bila kusemeshwa na yeyote. Pesa ikifika kwenye simu, wanapitia dukani, wananunua unga, na wakienda baa wanakwenda na kilichobaki. Wawili hawakubadilika. Mmoja amekuwa vibaya zaidi, na ananihuzunisha. Lori likimalizika saa nane mchana siku ya kazi, baa hazijafunguliwa mpaka saa kumi na moja. Zamani alikuwa anamsubiri Mzee na pesa. Sasa pesa anayo kwenye simu, na anakwenda moja kwa moja kwa mama pima kunywa chang'aa, peke yake. Meza ile yenye madhara yote ilikuwa pia inamchelewesha na kumtazama. Mzee ameanza kumpitia nyumbani jioni, na shemeji wa mpakiaji wetu humchukua Jumapili wakaangalie mpira. Hayo hayakuwa kwenye mpango wangu, wameyafanya wenyewe.

Mwenye baa alikuja kuniona, na alikuwa na haki ya kuja. Kitabu chake kilikuwa na madeni ya genge ya miezi, na aliogopa kwamba wangeyakimbia. Chama kilikubali kuyalipa kidogo kidogo. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote, maana mama huyo alikuwa amewasaidia watu pale ambapo stoo haikuwasaidia.

Mpakiaji hakufutwa. Baada ya miezi kadhaa nilimpa tena yale maswali 10, akapata alama 9. Bado anakunywa Jumamosi, vikombe viwili, na ananiambia ukweli. Aliporudi kazini, shemeji yake ndiye aliyemtwika gunia la kwanza, polepole, wengine wakiangalia goti. Sasa ndiye mweka hazina wa chama.

Kilichobaki ni maumivu. Wote wanane husema keg inawalaza, kwamba bila hiyo mgongo hauwaruhusu kupata usingizi, na siwezi kuwabishia. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 ni kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, nao hubeba 90. Chama kimemwandikia mwenye stoo kuomba mahindi yafungwe kwenye magunia ya kilo 50 kuanzia mavuno ya Oktoba, kwa malipo ya shilingi 7 kwa gunia. Barua imebebwa na Mzee mwenyewe, na jibu bado halijatolewa.